Rap ya unga ya Marekani: muuzaji anasimulia kila kitu, mnunuzi yuko wapi?

#1 Fundi_Saa

Wakuu, kwema?

Kuna mdau kwenye ule uzi wa albamu bora aliandika kuwa rap ya Marekani ni tangazo la unga lililowekewa biti. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nimeona nihamie huku. Wenye haraka wapite tu, sitaki kusikia "fupisha mkuu".

Tuanze na tarehe, maana watu wanabishana hewani. Kokeini ya ungaunga ilikuwa starehe ya wenye hela. Rapa Melle Mel alipoiimbia mwaka 1983 alikuwa anaonya. Katikati ya miaka ya 80 ikaingia crack: kokeini ile ile, imepikwa ikawa vijiwe, inauzwa kwenye vichupa kwa dola 5 au 10. Bei hiyo ndiyo iliyogeuza kila kitu. Mzigo uliokuwa wa matajiri wachache sasa unauzwa rejareja kwa umati wa watu wasio na kitu, na rejareja inataka watu wa kusimama. Kona hii mmoja, kwenye ngazi za lile ghorofa mwingine, usiku mpaka asubuhi. Waliosimama walikuwa watoto wa shule.

Sasa piga hesabu. Chukua marapa wawili wa Brooklyn, New York: Jay-Z kazaliwa 1969, Biggie 1972. Crack inashika New York wao wakiwa wavulana. Albamu zao za kwanza ni za 1996 na 1994. Kwa hiyo tunachosikia pale ni vijana wa miaka ishirini na kitu wanakumbuka ajira yao ya ujana. Rapa mwenzao Nas (1973) alikuwa zaidi mtazamaji, yule jamaa wa dirishani kwenye maghorofa ya Queensbridge, New York, anayeona kila kitu, na ndiyo maana uandishi wake una utulivu ambao wenzake hawana.

Chukua zile kanuni kumi za Biggie za kuuza crack, wimbo uliotoka Machi 1997, wiki chache baada ya kifo chake. Wengi wanaukumbuka kwa ubabe. Usikilize tena. Usitangaze una shilingi ngapi. Usimwambie mtu hatua yako inayofuata. Usiuze unapolala. Usikopeshe. Usichanganye familia na biashara. Usile mzigo wako. Ukitoa habari za polisi na silaha, muuza mitumba wa Karume anaweza kuzibandika ukutani na hakuna mteja atakayeshtuka. Mtengeneza biti, DJ Premier, kaweka sauti ya kuhesabu namba nyuma yake, na jamaa anasoma kama msimamizi wa zamu anayemwelekeza kijana mgeni kazini.

Jay-Z ndiye aliyeandika upande wa pili wa kazi hiyo, yaani kichwa cha mfanyakazi. Albamu yake ya 1996 ina suti, ina shampeni, lakini imefungwa kwa wimbo wa majuto. Ndani ya albamu hiyo kuna marafiki wa utotoni wanaotazamana kwa wasiwasi, kila mmoja anajiuliza nani atamuuza mwenzake. Kampuni za muziki zilikuwa zimemkataa, ndiyo maana yeye na Damon Dash na Kareem Burke wakaanzisha Roc-A-Fella yao, wakawa wanauza rekodi kwenye gari. Walishazoea kusambaza.

Hofu ile haikuwa ya kutunga. Juni 1986 mchezaji wa kikapu Len Bias alikufa siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics. Aliyoitumia ilikuwa kokeini ya unga, lakini hasira za nchi zilienda kwenye crack. Kabla mwaka haujaisha sheria ikapita: ukishikwa na gramu 5 za crack, miaka 5 jela, hakimu hana la kupunguza. Ukitaka adhabu hiyo hiyo kwa kokeini ya unga unahitaji gramu 500. Mara mia! Mzungu wa ofisini na mfuko wake, mtoto wa Brooklyn na vichupa vyake. Walipokuja kuirekebisha mwaka 2010 waliifanya gramu 28 kwa 500. Mpaka hapo kizazi kizima kilishaingia na kutoka, wengine hawakutoka.

Na hela zenyewe? Watafiti Steven Levitt na Sudhir Venkatesh walipata daftari la mahesabu la genge moja la Chicago la miaka ile ile. Bosi wa tawi anaondoka na maelfu ya dola kwa mwezi. Kijana wa kona alikuwa anapata chini ya dola 4 kwa saa, wengi wanalala kwa mama zao. Kwa hiyo zile cheni za kwenye video ni hela za muziki zinazovalishwa hadithi ya unga. Wachache sana walizipata kwenye kona.

Hoja yangu sasa. Katika nyimbo zote hizi unamjua muuzaji mpaka ndoto zake. Unamjua mshindani, unamjua askari, mama, demu, wakili. Mnunuzi hana jina wala sura. Anatokea kama kikohozi gizani, anatoa noti, anapotea. Mwenye kumpa sura ni rapa Kendrick Lamar mwaka 2013, alipoalikwa na rapa mwenzake Pusha T: Pusha anaimba upande wa muuzaji kama kawaida yake, Kendrick anaingia na habari za mtoto wa Compton ambaye gemu lake la Sega linapotea kila mara na anamshuku shangazi yake. Wimbo mmoja, pande mbili za meza. Kabla ya hapo ulikuwa unasikia upande mmoja tu karibu muda wote.

Njoo kwetu uone ilivyo kinyume. Bongo nyimbo kuhusu unga zipo tangu zamani, na karibu zote zinamwimba teja: alikuwa kijana mzuri, akaingia maskani, akauza vitu vya ndani. Muuzaji, pusha wa mtaani, hana ubeti. Kwa nini wao wamesimama upande ule na sisi upande huu? Nina majibu yangu ila nataka kusikia yenu kwanza.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeweka kambi. Ngoja wajuvi waje.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Nimesoma yote kijana wangu, umeandika vizuri. Ila umemfanyia muuzaji kazi ya uwakili bila malipo.

Unasema ni kumbukumbu ya ajira. Sawa kwa hao wa 1994. Mwaka 2005 huko Atlanta kijana anayeitwa Jeezy alitoka na fulana yenye picha ya mtu wa theluji aliyenuna. Theluji ni kokeini, kila mtu alijua. Fulana zikauzwa mpaka watoto wakawa wanaingia nazo darasani, shule zikaanza kuzipiga marufuku. Hapo kumbukumbu iko wapi? Hiyo ni bidhaa, na mnunuzi unayemtafuta umeshampata: ni mtoto wa darasa la sita aliyevaa fulana.

Nimefundisha muda mrefu. Wavulana hawakariri ubeti wa majuto. Wanakariri ule wa gari.

#4 Mbongo_wa_Hampton

Shikamoo mwalimu. Fundi, heshima kwako.

Mimi naishi huku Virginia, nataka kuongeza jambo ambalo mtu akiwa mbali halioni, nalo ni barabara. Kuna barabara kuu ya I-95 inayoshuka kutoka New York, inapita New Jersey, Maryland, Virginia, mpaka Carolina zote na kuendelea Florida. New York mzigo ulikuwa mwingi na wauzaji wamejaa, bei iko chini. Ukishuka saa chache kusini, bei inapanda na washindani hawapo. Ndiyo maana mtu wa Brooklyn anajikuta anatajwa Trenton, New Jersey, na Biggie alikamatwa North Carolina mwaka 1991. Ukisikia kwenye nyimbo za New York mtu "yuko nje ya mji", usidhani kaenda kutembea. Ni mchuuzi wa mikoani.

Upande wa kupokea mzigo huo ndiko walikotoka Clipse, ndugu wawili, Pusha T na Malice, wa Virginia Beach. Wamezaliwa Bronx, wamekulia huku. Mjini kwao kuna ufuo, watalii, kambi za jeshi la majini. Si ghetto ya kwenye sinema. Albamu yao ya 2006 wengi tunaihesabu kama kilele cha aina hii, na ukiisikiliza imejaa baridi. Biti za watayarishaji wao, Neptunes, zimepunguzwa mpaka zimebaki mifupa. Miaka mitatu baadaye meneja wao wa zamani akakamatwa kwa kuongoza mtandao wa dawa, akafungwa miaka 32. Malice ndipo alipoiacha kazi, akaokoka, akabadili jina akajiita No Malice. Mdogo wake akaendelea na mada ile ile kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mwalimu, majuto yapo. Ndani ya nyumba moja kaka alijuta, mdogo hakujuta, na wote wawili walikuwa wanaandika vizuri. Utamfundishaje mtoto hilo sijui.

#5 bint_Mvita

Asalaam aleikum.

Kuhusu swali lako la kwa nini sisi upande huu, mimi naona jawabu liko nyumbani. Huku Mombasa unga, na wetu ni heroini, si hadithi ya mbali. Mzigo wapita Bahari ya Hindi kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, wateremshwa pwani yetu kuelekea Ulaya, na mwingine wabaki hapa hapa. Uliobaki walala mitaani kwetu. Teja si mgeni. Ni ndugu yako, ni mtoto wa jirani uliyemnawisha akiwa mdogo. Mtungi wa gesi ukitoweka wajua ni nani, na wajua umeuzwa wapi. Mwimbaji akiandika atamwandika yule anayemuona.

Na muuzaji mkubwa? Yule hatajwi. Si kwa sababu hajulikani, la. Yeye ndiye mchangiaji wa harusi, ndiye mfuturishaji wa mtaa Ramadhani. Waimbe nini kumhusu, na waishi wapi baada ya kuimba?

Mmarekani mweusi wa Brooklyn alikuwa muuzaji mdogo na mwimbaji ndani ya mwili mmoja. Huku hao ni watu wawili wasiokaa meza moja.

#6 Fundi_Saa

Dada bint_Mvita, umenimalizia kazi. Hapo penye "ndani ya mwili mmoja" ndipo nilipotaka kufika.

Naongeza mawili. La kwanza ni mlango wa kutokea. Kule rap yenyewe ilikuwa biashara ya kumtoa mtu kwenye kona. Ukisimulia kona vizuri unalipwa. Kuanzia miaka ya 90 kampuni zililipa kwa hadithi hiyo, na mwalimu yuko sahihi kwamba zikaendelea kulipa hata hadithi ilipokuwa imeshakauka. Huku Bongo nani angelipwa kwa kusimulia alivyouza kete? Redio zisingepiga, BASATA, baraza la sanaa la taifa, wangemwita, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 ina kifungo cha maisha kwa wasafirishaji. Unajitoaje na ubeti wa hivyo?

La pili, kwetu aliyesimama mbele na kusema "mimi" alikuwa mtumiaji. Rapa wetu marehemu Langa, aliyefariki Juni 2013, alisema hadharani kuwa ametumia, na akawa anazungumza na vijana juu yake. Msanii wa rap wa Marekani wa kizazi kile angekiri kuuza kilo mia kabla ya kukiri kuvuta crack hata mara moja. Kuvuta ilikuwa aibu, kuuza cheo. Imekuja kugeuka kwa vijana wa miaka ya 2010, wa vidonge na dawa ya kikohozi, ambao wanajiimba kama watumiaji, tena wengine wamekufa navyo. Hiyo inataka uzi wake.

Mwalimu, fulana ya theluji sina jibu nayo. Umenibana.

#7 Narudi_Polepole

Mimi huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Nimekula ngada, yaani heroini. Niko kwenye methadone, dawa ya kututoa huko, nakunywa dozi yangu kila asubuhi. Tulioko kwenye huduma tunajua Muhimbili ndipo ilipoanzia, 2011, sasa imefika mikoani.

Nacheka hapo kwenye kanuni ya kutokukopesha. Pusha wangu alikuwa anakopesha, tena kwa roho nzuri. Asubuhi una arosto, mgongo unauma, pua inachuruzika, huna hata mia. Anakupa kete moja ya kukutuliza ili uweze kutembea. Ukishaweza kutembea utaenda kutafuta, na ukipata, hela yote ni yake na kesho pia ni yake. Mkopo ule ndio kamba yenyewe. Huyo Biggie labda alikuwa na foleni, hakuhitaji kumshika mtu.

Halafu mnasema mnunuzi hana sura. Kwa pusha ni kweli hana. Alikuwa ananijua kwa viatu. Siku nikija pekupeku anajua nimeviuza, anaanza kuangalia mkononi nina nini.

Rap haikuniingiza. Niliingizwa na rafiki, kwa kuchanganyiwa kwenye sigara. Lakini sitadanganya, maskani tulikuwa tunasikiliza hizo hizo nyimbo za wauzaji, na kila mmoja wetu akiimba anajiona yeye ndiye muuzaji.

#8 Kiti_cha_Mbele

#7 mkuu heshima. Kambi nimevunja, nimekaa chini kabisa.

#9 Korti_Kavu

Nawapeleka mahakamani kidogo, maana huko ndiko swali la "kweli au hadithi" linakoumiza.

New Jersey kulikuwa na kesi ya Vonte Skinner, shtaka la jaribio la kuua. Waendesha mashtaka wakawasomea wazee wa baraza kurasa za mashairi yake ya rap, mengine yaliandikwa muda mrefu kabla ya tukio. Akatiwa hatiani. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema mashairi yale hayakupaswa kuingia, na ikaandika kuwa hakuna mtu anayeamini Bob Marley alimpiga risasi sherifu kweli, au kwamba Edgar Allan Poe alimzika mtu chini ya sakafu. California wakatunga sheria Septemba 2022 ya kumbana mwendesha mashtaka anayetaka kutumia kazi ya sanaa kama ushahidi. Lakini mwaka huo huo Atlanta, rapa Young Thug na wenzake wakashtakiwa kuwa genge, na Novemba 2023 jaji akaruhusu baadhi ya mistari yake isomwe kwa masharti. Ile kesi ndiyo ndefu kuliko zote katika historia ya Georgia. Thug alikiri baadhi ya makosa Oktoba 2024 akatoka kwa miaka 15 ya uangalizi.

Na kituko cha vituko ni rapa Rick Ross. Jina kalichukua kwa muuza crack halisi wa Los Angeles, "Freeway" Rick Ross. Anaimba kama bosi wa Miami. Mwaka 2008 ikavuja picha yake akiwa amevaa sare ya askari magereza, kazi aliyoifanya Florida katikati ya miaka ya 90. Kwanza akakana, baadaye akakubali. Wote tukasema kwisha habari. Albamu iliyofuata, 2009, ikaingia namba moja! Freeway akatoka jela akamshtaki kwa kumwibia jina, akashindwa. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa California ikasema yule wa kwenye nyimbo ni mhusika wa kisanaa na sanaa inalindwa.

#10 Mwalimu_Mstaafu

Korti_Kavu ahsante. Umenipa silaha.

Sokoni wanasema: nunueni, haya niliyaishi mwenyewe. Kortini wanasema: mheshimiwa, haya ni hadithi tu. Wachague moja. Shakespeare hakuuza tiketi kwa kudai amemuua mfalme.

#11 Korti_Kavu

Mwalimu, na mwendesha mashtaka naye achague. Huyu wa opera akiimba mauaji ni sanaa, huyu wa Atlanta ni maungamo. Biggie mwenyewe alitia chumvi: kaimba kuwa kwao palikuwa kibanda cha chumba kimoja, mama yake Voletta, mwalimu mwenzako, akakanusha waziwazi. Wakati huo huo alikuwa anauza kweli, na mama hajui. Kuna kisa mama huyo alichosimulia mwenyewe: alikuta sahani chumbani kwa mwanawe, akadhani ni viazi vya kuponda vilivyokauka, akavitupa akaosha sahani. Ilikuwa crack inakaushwa. Sasa niambie ni lipi kati ya hayo mawili lingemfaa mwendesha mashtaka.

#12 bint_Mvita

Hicho cha sahani kimenichekesha na kunitia simanzi. Mwalimu wa watoto wadogo, aosha vyombo, kumbe atupa mtaji wa mtu.

Lakini mwaona, hata hapo mama ndiye aliyepewa sura. Yule aliyekuwa aje kununua kilichokuwa sahanini bado hayupo.

#13 Mbongo_wa_Hampton

Kabla uzi haujapoa: Clipse wamerudi, albamu Julai 2025, na yule kaka amerudi kwa jina lake la zamani. Kaka kavuka hamsini, mdogo anakaribia. Wimbo wa kwanza kabisa ni wa kuwalilia wazazi wao wawili, baba na mama. Baada ya hapo unga unarudi kama kawaida.

Swali kwa Fundi: mtu aliyeacha kona zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ana nyumba, ana watoto, bado anaimba mizani ya kupimia unga. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya ajira?

#14 Fundi_Saa

Kwa umri ule naona ni ufundi tu, Hampton. Anajua maneno ya mada hiyo kuliko mada nyingine yoyote, na bado hajakutana na anayempita kwa kuyapanga. Wimbo wa wazazi nimeusikia, ni mzuri kuliko zote mle ndani na una unga kidogo kuliko zote, sasa hapo kila mtu aamue.

#7, ukipata bando usikilize ule wa Kendrick na Pusha, halafu uje uniambie kama yule shangazi kaandikwa sawasawa. Mimi nauchambua kwa kusoma, wewe umekaa upande ule wa meza.

#15 Narudi_Polepole

Nimeusikiliza sasa hivi kwa simu ya nesi. Kiingereza chake kinakimbia, nimetafsiriwa. Shangazi kaandikwa sawa, ila hajapewa neno hata moja. Dogo ndiye anayemsema.

#16 Kiti_cha_Mbele

Moderator, uzi huu ubandikwe juu.